Mgonjwa Aliyepotea Kwenye Foleni

Nukta aliketi nyuma ya saluni ya dada yake, kompyuta mapajani, macho mekundu kama aliyepikia kuni mbichi. Jina hilo alipewa na wenzake chuoni kwa udogo wa sauti yake. Alikuwa akirudia somo la kutunga programu. Mwaka uliopita lilimwangusha, na chuo hakikuwa na habari ya mara ya tatu. Akianguka tena, afunge virago.

Kazi waliyopewa ilikuwa programu ya kupanga foleni ya wagonjwa: aliyezidiwa atangulie, mwenye nafuu asubiri. Ya Nukta ilipanga vizuri, ila wakija wawili wenye hali sawa, mmoja alitoweka. Hakufa, hakupona, hayupo tu. Wiki nzima alimtafuta mstari kwa mstari, mpaka mistari ikawa inamtembea kichwani kama siafu hata akiwa anaoga.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," dada alisema huku akimsuka mteja.

"Nimeinama, dada, mpaka kiuno kimekataa kunyooka."

Mteja akacheka, akavutwa nywele, akanyamaza.

Siku ya mtihani, nje ya chumba cha kompyuta, mwanafunzi mwenzake waliyemwita Mjuvi alimtilia flashi mkononi.

"Humo kuna programu nzima, haipotezi hata nzi. Nimepewa na kaka mmoja aliyemaliza. Wewe badilisha jina tu, bibie."

"Na wewe?"

"Naingia nayo hiyohiyo. Futa atajuaje?"

Futa ndilo jina walilompa mwalimu wao. Programu kwenda au kutokwenda hakukumshughulisha sana. Alikaa kwenye kompyuta yako, akafuta mstari autakao, kisha akakwambia, "Rudisha." Mtihani wenyewe ndio huo.

Nukta aliifungua ile programu palepale kwenye benchi. Ilikuwa safi, imepangika, na hakuielewa hata robo. Alitamani kuichukua, maana uchovu ulishamtoa kwenye mambo ya wema na ubaya. Lakini kuulizwa asichokijua mbele ya watu kulimtisha kuliko kuanguka. Akarudisha flashi.

"Shauri yako," Mjuvi alisema, akaitwa ndani.

Hakukawia kutoka. "Kafuta mstari, nami nikabaki kama sanamu," alisema bila kumtazama mtu, akapita zake.

Ikawa zamu ya Nukta. Aliingia, akafungua programu yake. Futa alisoma kimya, kidole kikishuka na mistari, mpaka kikasimama mahali. Akafuta.

"Rudisha."

Vidole vya Nukta vilianza kabla kichwa hakijafika. Mstari ule alishauandika na kuufuta hata akakoma kuhesabu. Alipomaliza, Futa aliingiza wagonjwa wawili wenye hali sawa. Skrini ikaonyesha mmoja.

"Wa pili umempeleka wapi?"

"Anapotea, mwalimu," Nukta alisema, sauti kama ya mtu aliye msibani. "Anapotea hivyo kila siku. Nimemtafuta mpaka nimechoka."

"Kwa hiyo mstari umeurudisha na kosa lake?"

"Ndiyo, mwalimu."

Futa akavua miwani, akasugua macho. Naye alionekana hajalala vizuri. "Tangu asubuhi naletewa programu moja nzuri yenye majina tofauti, na haina mwenyewe. Hii yako mbovu ina mwenyewe." Akaandika alama. "Umepita, tena kwa kukwaruza. Ila niambie: aliyezidiwa umemwambia apite mbele, mwenye nafuu akae nyuma. Waliolingana umewaambia nini?"

Nukta aliitazama tena mistari yake. Hakuwa amewaambia kitu.

Saluni, dada aliacha kitana hewani. "Vipi?"

"Nimepita."

Dada akapiga kigelegele mpaka mteja akashtuka. "Sasa mbona uso huo, kama umeporwa?"

"Nimechoka, dada. Basi tu."

Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Punde mkono wake ukapapasa mkoba, ukatoa kompyuta.

"We mtoto! Si umesema umepita?"

"Nimepita mimi," Nukta alisema, akifumbua jicho moja. "Kuna mgonjwa nimemwacha nje."