Mashine Yenye Macho

Mwaka ule miwa ilipopanda bei, Kabras nzima iling'oa mahindi. Watu walipanda miwa hadi mlangoni; ukifungua dirisha, majani yanakukwaruza uso. Rosebella, mke wa Makhanu mkata miwa, akakosa usingizi. Alisema miwa inaongea, tena yote kwa pamoja, kama watu wa sokoni.

Alianza na ukuta wa nyumba. Alichanganya masizi, udongo mwekundu na molasi, akachora magurudumu, moja ndani ya jingine, na katikati ya kila moja jicho. Sisimizi wakaja kula molasi. Mama mkwe wake, Selpher, aliwafagia huku analia.

"Huyu mtoto halalangi, hata hakulangi. Tumuombee."

Wakamuombea. Mguu wa Rosebella haukutulia chini ya benchi la kanisa.

Ndipo Makhanu akaumia mgongo. Kukata miwa si kitu. Kazi ni kujitwika mzigo begani na kupanda nao ubao hadi kwenye trela. Siku hiyo ubao uliteleza. Rosebella alimkanda kwa maji moto, kisha akatoka mbio kama aliyeitwa.

Kwa wiki mbili aliokota fremu za baiskeli, mbao, minyororo, nyaya, akang'oa hata springi za kitanda chao. Alifunga, akabomoa, akafunga tena. Kilichosimama mwishoni kilikuwa na shingo ndefu ya mti wa mkaratusi, na pedali mbili chini za kuvuta kamba, na kila palipobaki nafasi alichora jicho.

Majirani walikikokota kwa ng'ombe hadi shambani. Kipkemboi, nyapara wa wakataji, aliangua kicheko.

"Mama, huyu ni twiga ama?"

"Funga mzigo," Rosebella akamwambia.

Akakanyaga pedali. Mzigo ukainuka, ukayumba hewani, ukatua ndani ya trela. Wanaume wakashangilia. Akainua wa pili. Akainua wa kumi. Walipomsihi apumzike, hakuweza. Miguu ilikuwa imekwisha kumtangulia.

"Sasa tuinue trela!" alipiga kelele. "Halafu shamba! Shamba lote!"

Walipomshika, alimng'ata mmoja mkono. Wakamfunga kwa kamba ya mashine yake mwenyewe, wakampeleka hospitali. Makhanu alikaa kando yake njia nzima.

Alirudi baada ya miezi mitatu, mzito, ulimi kama wa kuazima, mikono ikitetemeka kwa dawa. Hakuingia nyumbani kwanza; alikwenda shambani. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na aliyekanyaga pedali alikuwa mumewe. Lakini mbao zilikuwa zimekwanguliwa kwa panga na kupakwa oili chafu. Hapakuwa na jicho hata moja.

"Nani ameipofusha?"

"Shukuru, mama," Kipkemboi alisema. "Macho yalikuwa yanatisha watu. Ufundi wako tumeuweka, wazimu tumeutoa."

"Vilikuja pamoja," Rosebella alisema polepole. "Nyinyi mmevitenganisha na nini?"

Makhanu alishuka kwenye pedali, uso umemshuka.

"Rosebella, ni mimi niliyekwangua. Nilidhani ukiyaona utaugua tena."

Rosebella alitaka kumpiga, alitaka kumshika mkono. Mwili haukukubali hata kimoja. Makhanu alivua kofia, akainama mtaroni, akarudi nayo imejaa udongo mwekundu.

Rosebella alichora papo hapo. Kipkemboi alipayuka kwamba trela inangoja, lakini wakataji walikuwa wamekwisha kukaa juu ya mizigo yao, wakitazama. Vidole vilimsaliti: jicho hili likaenda upande, lile likafunguka nusu. Hayakuwa mazuri kama ya kwanza, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Aliyalilia huku anachora. Kufikia adhuhuri mashine ilikuwa inaona, ingawa kwa makengeza, na Makhanu akapanda tena kwenye pedali.

Dawa aliendelea kumeza, akilalamika kwamba zinamfunga miguu. Hata hivyo, Jumatatu asubuhi alishika njia kwenda chuo cha ufundi cha Sigalagala, kumuuliza mwalimu wa uchomeleaji kama chuma kinaweza kufundishwa kuelea juu ya maji. Hakumuaga mtu. Makhanu alimkuta barabarani, akamfuata hatua chache nyuma, mgongo ukimuuma, pakiti ya dawa mfukoni.