Kapera wa Orodha

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1955, Nasimiyu alikuwa akichekecha unga mlangoni pa chumba chao, katika kota za wafanyakazi wa kinu kimoja cha Nakuru, wakati Ogola, karani wa ofisi ya mishahara, alipomletea Kapera.

Ofisi ilimtengeneza kwa hesabu, ili ijue maisha yamepanda kiasi gani. Iliorodhesha vyakula na nguo za wafanyakazi mia mbili, ikajumlisha, ikagawanya, na aliyepatikana akashuka kwa treni ya asubuhi. Hakuwa na mke wala mtoto, kwa kuwa hao hawakuwamo katika orodha. Alivaa kaptura moja na robo. Ile robo ilining'inia kiunoni. Kwapani alibana sehemu mbili kati ya tano za blanketi, kwa sababu ofisi iliamua kwamba blanketi hukaa miaka miwili na nusu, ikampa ya mwaka mmoja.

Karani alieleza kwamba Kapera angekaa nao mwezi mmoja, kisha jibu lake ndilo lingepandisha mishahara ya kinu kizima, au kuiacha ilivyo. Nasimiyu akampisha karibu na jiko. Binti yake Naliaka, wa miaka minne, alikuwa akikohoa tangu Krismasi. Daktari aliagiza maziwa kila siku na kufunikwa vizuri. Mshahara wa Nyongesa, mumewe, ulifikisha maziwa hadi tarehe kumi. Tarehe kumi na moja waliuza blanketi lao.

Kapera hakuwa msumbufu. Mwezi huo unga ulikuwa wa manjano na wenye wadudu, kwa bei ileile ya ule mweupe wa mwaka jana. Nasimiyu alipochekecha, robo nzima ilikwenda kwa kuku. Kapera alikula wake bila kuchekechwa, pamoja na wadudu. Alipoonjeshwa maziwa, yalimpitia katikati yakamwagika sakafuni, kwa kuwa maziwa hayakuwamo katika orodha. Nasimiyu akapangusa, asirudie tena. Wakati wa sala ya chakula Kapera hakuitikia amina. Nyongesa alimwombea hata hivyo, kila jioni.

"Mama Naliaka," jirani yao Omolo alisema, "huyu mume wa pili ni mzuri. Haulizi nyama."

Mwezi ulipokwisha, karani alirudi na karatasi.

"Bei ya unga?"

"Ileile," Kapera alisema.

"Unatosheka?"

"Natosheka. Nimebakiwa na senti tatu." Akazirudisha.

"Bwana karani," Nasimiyu alisema, "muulize na mtoto."

Naliaka alikohoa ndani. Karani alisubiri kwa adabu mpaka kikohozi kikaisha.

"Huyo hayumo, mama."

"Na unga una wadudu."

"Unga ni unga. Nikianza kuuliza unga gani, sitamaliza."

Akaandika kwamba maisha hayajapanda. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, alikuwa ameusomea. Kapera akaachwa palepale, ili aulizwe tena mwaka ujao.

Jioni hiyo mvua ya Aprili ilinyesha na mtoto akatetemeka. Nasimiyu alimwomba Kapera kile kipande cha blanketi, naye akampa bila ubishi. Kilimfunika mtoto kuanzia shingoni hadi kitovuni.

"Na kinachobaki?"

"Kinakuja," Kapera alisema. "Sehemu mbili mwaka kesho, moja mwaka wa kesho kutwa."

Nasimiyu akamshukuru Mungu kwa kifua kilichofunikwa, kisha akaiweka miguu ya mtoto juu ya mapaja yake.