Kadi za Rangi Kuchuja

Ofisini, walikotunga kamusi, walimwita Mama Kamusi, naye hakuchukia, maana kazi aliijua barabara. Huu ulikuwa mwaka wa pili yuko kwenye neno moja tu la Kiingereza, "run". Neno gani hilo lisiloshiba! Mtu akikimbia ni hilo, pua ikichuruzika ni hilo, ukiendesha duka, ukigombea ubunge, soksi ikifumuka, hilo hilo. Sheria ya ofisi ilikuwa maana moja, kadi moja, na kila kadi ipigwe muhuri wa tarehe.

Kila Ijumaa kadi za wiki hutandazwa mezani kabla Mhariri hajapita kukagua. Ijumaa hiyo akaiona kadi ya maana ya nguo kuchuja rangi, akaiweka. Akaiona tena. Kufika kadi ya saba, akazipanga sambamba. Zote mwandiko wake, zote za Jumatano, kila moja na mfano mpya: shuka, pazia, shati la shule. Hakukumbuka kuandika hata moja.

Jamani, aliogopa. Mama yake mzazi alianza hivi hivi, akiuliza chumvi iko wapi na huku ameishika, watu wanacheka na yeye anacheka. Miaka minne baadaye alikuwa akimfukuza yeye, binti yake, mlangoni, akimwita mwizi.

"Dada, mbona kimya? Hilo neno limekumeza?" Mhariri alimtania kutoka chumba cha pili.

"Linanitafuna, kaka. Nipe dakika kumi."

"Chukua hata ishirini. Nani mwingine ataliweza?"

Sifa hiyo ilimchoma. Akabakiza kadi moja mezani, akakusanya zile sita haraka haraka, akafungua droo ya chini, ambayo ufunguo wake anao yeye peke yake. Alitaka azifiche humo, jioni akazichane.

Ndani alikuta bunda la kadi limefungwa kwa mpira. Rangi kuchuja, rangi kuchuja, rangi kuchuja. Juu yake kulikuwa na karatasi ya mwandiko wake mwenyewe, umetulia kabisa: "Hii ni mara ya tatu. Mwambie Mhariri leo hii, usisubiri."

Viatu vya Mhariri vilikuwa vinakuja. Akashika kalamu, akakata "tatu", akaandika "nne", akatumbukiza zile sita, akafunga droo.

"Tayari, kaka," alisema. "Zote ziko sawa."