Vipicha vya Mwalimu Shimba

Kwa miaka kumi na mmoja Bushra Lukman hakuwa amesikia sauti ya Mwalimu Shimba, wala hakuitafuta. Siku mke wa mwalimu alipopiga simu, Bushra alikuwa kwenye duka lake la kutengeneza kompyuta pale Igoma, mashine ya mteja iko wazi mezani na skrubu zake amezipanga juu ya kipande cha karatasi.

"Bushra, ni mimi Mama Odeta wa Bujora. Mke wa mwalimu wako."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu anaumwa. Alipata kiharusi mwezi wa tatu. Sasa kuna ile kompyuta yake. Nimeshaita mafundi wawili, wote wanasema niiweke kando ninunue nyingine. Odeta akaniambia, mama, mtafute Bushra."

Bushra aliweka bisibisi mezani. "Mwalimu anajua kwamba umenipigia?"

"Nimemwambia. Amesema hapana. Lakini siku hizi neno alilobaki nalo ni hilo moja tu. Chai, hapana. Kulala, hapana. Nikimuuliza kama mimi ni mke wake, hapana, huku amenishika mkono."

Zamani Mwalimu Shimba alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha Nyamagana, katikati ya mji. Mashine zake zote zilitumia mfumo wa Linux, na zote hazikuwa na madirisha wala vipicha vya kubofya. Ukiwasha, unakuta kioo cheusi na mstari mmoja unaosubiri uandike amri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilalamika mpaka akachoka, kisha akaanza kujifunza. Shimba aliamini kwamba mtu anayeielewa mashine husema nayo kwa maneno. Picha, alisema, ni za mgeni aliyekuja kutazama nyumba ya watu.

Bushra ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake bora. Alipomaliza, mwalimu alimwombea kazi palepale maabara, chini yake. Makarani wa ofisi ya usajili walikuwa wakimfuata kila wiki kumlilia kwamba hawawezi kukariri amri. Ijumaa moja, mwalimu akiwa safarini Dodoma, Bushra aliwawekea madirisha kwenye seva iliyohifadhi matokeo. Hakumwambia mtu. Seva ilikuwa ya zamani na kumbukumbu yake ndogo. Jumatatu, siku ya kutangaza matokeo, ilielemewa ikasimama, na wanafunzi walipanga foleni juani mpaka jioni. Mwalimu aliporudi aliandika barua ya mistari minne. Mkataba wa Bushra haukuongezwa.

Tangu hapo, kila alipoulizwa kwa nini aliondoka chuoni, Bushra alijibu kwamba alifukuzwa na mzee aliyechukia picha. Alilisema jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba hakuona tena kuwa kuna upande mwingine.

Jumamosi alipanda daladala mpaka Kisesa, akachukua bodaboda hadi Bujora. Getruda, yaani Mama Odeta, alimpokea mlangoni akamwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Amepungua sana. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Shikamoo mwalimu."

Alimtazama muda mrefu. "Hapana," alisema, kwa sauti ileile ambayo mtu angeitikia marahaba.

Getruda alivuta kigoda akaeleza. Daktari alisema maneno yamemtoka. Anasikia na kuelewa mengi, lakini kusema hawezi, kuandika hawezi, na kusoma ndiyo kabisa. Herufi anaziona kama mikwaruzo. Picha bado anazijua. Hata hivyo kila asubuhi analazimisha aletwe hapa. Anaiwasha mashine kwa mkono wa kushoto, inauliza jina lake, naye anaweka vidole kwenye kibodi na kukaa hivyo bila kubonyeza chochote mpaka chai inaletwa.

"Anatafuta nini humo?"

"Nyimbo," alisema Getruda. "Nyimbo zake ndizo ziko humo."

Bushra alizikumbuka. Kwa zaidi ya miaka ishirini mwalimu alikuwa akizunguka na kinasa sauti, Magu, Misungwi, Sumve, na hapa Bujora kila msimu wa ngoma mwezi wa sita. Alirekodi watu wakilima kwa ngoma ya majembe, alirekodi vikundi vinavyoshindana, na vikongwe walioimba wakiwa peke yao jikoni. Wengi wao wameshakufa. Nyimbo zote zilikuwa ndani ya mashine ile, na njia ya kuzifikia ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Alikuwa amekuja na kishikwambi chenye kioo cha kugusa, akidhani kitatosha. Alikiweka mezani. Mwalimu alikisogeza pembeni kwa mgongo wa mkono wa kushoto, taratibu, kisha akarudisha macho kwenye kioo chake cheusi.

Basi Bushra alijua kazi ni ipi. Ilibidi kuweka madirisha na vipicha kwenye mashine hiyohiyo. Alijua pia kwamba hakuhitaji neno la siri la mwalimu. Fundi anayeijua Linux, akiwa ameketi mbele ya mashine yenyewe, anaweza kuizima, kuiwasha, na kuingia kabla haijaanza kuuliza maswali. Ingemchukua dakika tano. Mkono ulikwishafika kwenye kitufe cha kuzimia, akauondoa.

Alivuta kiti akakaa mahali ambapo mwalimu angeuona uso wake.

"Mwalimu, nataka kuweka madirisha kwenye mashine yako. Najua unavyoyaona. Nitalazimika kulipita neno lako la siri, kwa sababu huwezi kunitajia. Ukikataa nitaondoka, na sitagusa kitu."

"Hapana," alisema mwalimu.

Getruda aliinama. Bushra alichukua kalamu akachora miraba miwili kwenye karatasi. Mmoja aliujaza wino ukawa mweusi wote. Ndani ya mwingine alichora vitu vidogo: kikombe, ngoma, mtu. Aliiweka karatasi karibu na mkono wake mzima.

Kidole cha mwalimu kilikwenda kwenye mraba mweusi. Kilikaa hapo. Bushra alihesabu pumzi zake mwenyewe, kisha akaanza kukunja nyaya na kuzirudisha kwenye begi. Hakukasirika. Mashine ilikuwa ya mwalimu.

"Subiri," alisema Getruda kwa sauti ya chini.

Kidole kilikuwa kinatembea. Kilitoka kwenye ule mweusi, kikavuka nafasi nyeupe iliyokuwa katikati, kikafika kwenye mraba wenye picha na kusimama juu ya ngoma. Mwalimu alikuwa akipumua kwa nguvu kama aliyepanda kilima.

Bushra aliweka begi chini. Alitaka kusema asante, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Ile ya chuoni nilifanya bila kukuuliza. Kosa lilikuwa langu."

Hakuwahi kuitamka sentensi hiyo mbele ya mtu. Mwalimu alimtazama, midomo ikajaribu jambo. "Hapana," alisema. "Hapana. Hapana." Kama alikuwa anakataa kumsamehe, au anakataa kwamba kosa lilikuwa la Bushra peke yake, au anaomba yeye samahani, hakuna aliyeweza kujua. Bushra hakumuuliza. Aliinuka akaanza kazi.

Kwanza alinakili nyimbo zote kwenye diski ya pembeni, na hakugusa kingine mpaka ziliposafiri zote na yeye kuhakikisha zinafunguka. Kisha aliunganisha mashine na intaneti ya simu yake akachagua mfumo mwepesi wa madirisha, ambao mashine ya umri ule ingeubeba. Maandishi meupe yalimiminika kwenye kioo. Mwalimu aliyafuata kwa macho. Hakuweza kuyasoma tena, lakini mwendo wake aliujua, na yalipoganda katikati kwa sababu bando limeisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumgeukia Bushra.

Saa saba mchana kila kitu kilikuwa kimeingia. Bushra aliandika amri ya kufungua madirisha. Kioo kiliwaka mara moja, kikawa cheusi tena, na mstari ukabaki unapepesa kwenye kona.

Alijaribu mara ya pili. Ikawa vilevile. Mwalimu alifumba macho.

Mafundi wengi wangefuta na kuanza upya. Bushra alikumbuka alivyofundishwa na huyu aliyeketi pembeni yake: mashine ikinyamaza usiipige, nenda kasome ilichoandika. Alifungua faili ambamo mashine huandika matukio yake, akashuka mstari kwa mstari mpaka akakuta mahali iliposema kwamba imeiona kadi ya picha lakini haina kiendeshi, ile programu ya kuongea nayo. Alimsomea mwalimu mstari ule kwa sauti, neno kwa neno, kama zamani alipokuwa akiitwa mbele ya darasa. Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Alikipata kiendeshi, akakiweka, akaizima na kuiwasha. Safari hii kioo kilikuja na rangi ya samawati, na mshale mdogo ukatokea katikati.

Getruda alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya michembe ya viazi vitamu na karanga. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo mama. Lakini bado kuna maneno mengi. Inabidi niyaondoe."

Aliipanga mashine isiulize jina wala neno la siri. Aliondoa menyu na kufuta maandishi yaliyokuwa chini ya vipicha, akavikuza mpaka vikawa vikubwa kama kiganja. Aligeuza vitufe vya kipanya vifae mkono wa kushoto, akapunguza kasi ya mshale. Kilichobaki kilikuwa picha za kuziwakilisha nyimbo, na mwalimu hakuwa na hata moja, kwa sababu mafaili yake yote aliyapa majina ya nyimbo tu.

Getruda alitoka akarudi na albamu ya plastiki. "Yeye alikuwa anarekodi. Mimi ndiye nilikuwa napiga picha."

Walianza na ile aliyoifahamu Getruda bila shaka, kikundi cha wakulima wa Misungwi waliosimama na majembe begani. Bushra aliipiga picha kwa simu, akaiweka kwenye kioo, akaiunganisha na wimbo wao. Akamwachia mwalimu kipanya.

Mshale ulikwenda ovyo, ukapotea pembeni, ukarudi. Ulichukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia. Ulipofika juu ya picha, kidole kilibonyeza.

Ngoma ziliingia kwanza, halafu sauti ya mwanamume mmoja, halafu kundi zima likimjibu. Mwalimu alisikiliza ubeti wa kwanza bila kujitikisa. Kwenye ubeti wa pili alifungua mdomo akaimba.

Hakuwa akifuatisha sauti tu. Aliimba maneno yenyewe ya Kisukuma, yamekamilika, kila moja mahali pake, kwa sauti iliyopasuka lakini isiyokosea. Alimjibu kiongozi pamoja na kundi, akaendelea hadi mwisho. Getruda aliketi chini sakafuni palepale, sahani bado mikononi. Kwa miezi minne hakuwa amesikia kitu kingine zaidi ya hapana kutoka kwenye kinywa kile.

Wimbo ulipoisha mwalimu alimgeukia mkewe kwa haraka, uso umefunguka, akitaka kumwambia jambo kabla halijapita. "Hapana," alisema. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono wake mmoja uliofanya kazi ulikuwa tayari umerudi kwenye kipanya.

Daktari aliwaeleza baadaye kwamba huwa inatokea. Wimbo hukaa mahali pengine kichwani, penye njia yake. Hakuahidi kwamba maneno ya kawaida yangerudi, na kweli hayakurudi.

Bushra alienda Bujora kila Jumamosi tangu siku hiyo. Kazi ilikuwa moja: anacheza mwanzo wa wimbo, Getruda anafungua albamu, mwalimu anaonyesha kwa kidole ni nani walioimba. Alikuwa mkali kama zamani. Ukiweka picha isiyo ya wimbo huo aliisogeza na kuisogeza tena mpaka umeelewa. Siku nyingine alikuwa amechoka, akalala kitini, na Bushra alisubiri akinywa chai na Getruda, wakizungumza kuhusu Odeta na mvua.

Kiharusi cha pili kilimchukua mwezi wa kumi na moja, asubuhi, akiwa bado kitandani. Walimzika nyumbani. Vikundi viwili vilivyokuwa vikishindana miaka yote vilikuja na kuimba kwa zamu pembeni ya kaburi, na Getruda alizijua karibu nyimbo zote.

Kati ya nyimbo mia mbili na thelathini na tatu, kumi na tisa hazikupata picha. Hizo mwalimu alikuwa akizisikiliza, anatikisa kichwa, anafunga albamu. Pengine walioimba hawakupigwa picha, pengine hata yeye aliwasahau. Bushra aliziwekea miraba ya kijivu mitupu, akazipanga mstari wa mwisho. Hakutaka kuwabunia watu wale nyuso.

Getruda sasa anaiwasha mwenyewe. Mchana akiwa anachambua mchele hubonyeza mmojawapo wa miraba ile ya kijivu, anasikiliza mwanamke asiyemjua akiimba jikoni kwake, na wimbo ukiisha anabonyeza mwingine.