Mke Mkubwa wa Ploti Namba Moja

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1995, saa mbili kasorobo asubuhi, mbwa mfu alikuwa amelala katikati ya ploti namba saba, na kando yake palikuwa na kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Risper aliyaandika yote mawili katika daftari. Alikuwa amefanya kazi ya maabara kwa miaka kumi na minane, hadi serikali ilipopunguza wafanyakazi wake, na mazoea ya kuandika anachokiona kabla ya kukigusa hayakupunguzwa pamoja naye. Chini ya mbwa na kandambili aliandika: betri za redio, nyavu zilizochanika, mifupa ya samaki aina ya mbuta, mikebe, vioo, kitanda nusu.

Ploti zilikuwa kumi na mbili. Ushirika mmoja wa wavuvi mjini Homa Bay ulikuwa umewagawia wanachama wake mwaka 1988, nyuma ya ghala la barafu, na hazikuwahi kulimwa. Kwa kuwa zilizungushiwa ua, mtaa mzima ulikubaliana bila kuitisha mkutano kwamba kazi ya ua ule ni kuzuia takataka zisitoroke.

Sasa ushirika ulikuwa umebandika tangazo mlangoni: ploti yoyote ambayo haitakuwa imepandwa kufikia saa kumi na mbili jioni ya tarehe 30 Aprili itarudishwa. Namba saba ilikuwa ya marehemu mumewe Risper. Alikuwa na watoto wanne, mkubwa wao Ken, hakuwa na mshahara, wala hakuwa na ardhi nyingine. Shemeji zake walikuwa wameshamweleza jambo hilo vizuri, mara mbili, mbele ya mashahidi.

“Taka hizi tunazipeleka wapi?” Risper alimuuliza Mama Bathsheba, mwenyekiti wa wenye ploti, ambaye ploti yake ilikuwa namba mbili.

“Namba moja.”

“Namba moja si ya mtu?”

“Ni ya mtu wa kitabuni tu, kitabu cha ushirika. Mwenyewe hayuko.”

“Na akija?”

“Mama Ken, wewe umewahi kuona mtu akirudi kutafuta taka?”

Risper aliona hoja hiyo ina kasoro. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na wilbaro ilikuwa ya kuazima. Kwa siku tisa alisukuma shehena thelathini na nne hadi namba moja, akaweka alama moja daftarini kwa kila shehena. Wenzake kumi walisukuma pia, bila daftari. Kufikia katikati ya Machi ploti kumi na moja zilikuwa safi kama sahani, na namba moja ilikuwa kilima ambacho mtu akisimama juu yake aliweza kuliona ziwa. Ushirika ulileta mpiga picha. Wenye ploti walisimama mbele ya usafi wao, na mpiga picha, ambaye alijua kazi yake, akahakikisha kilima hakionekani.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 27 Machi. Kesho yake Risper alikwenda na jembe na mbegu za kunde, akamkuta Mama Bathsheba amesimama langoni.

“Unaenda kupanda?”

“Ndiyo, mama.”

“Mikai ameshapanda?”

Mikai ni mke wa kwanza. Katika boma la Mjaluo, yeye ndiye hupanda mbegu ya kwanza, kisha hufuata mke wa pili, kisha wa tatu, na anayemtangulia mwenzake huitia nyumba chira, laana inayomkondesha mtu mpaka kaburini. Risper alijua hayo tangu utotoni.

“Mama, hapa si boma. Ni ardhi ya ushirika.”

“Ua ni mmoja. Lango ni moja. Kitabu ni kimoja. Unataka kitu gani kingine ndiyo iwe boma?”

“Na mwenye boma ni nani?”

“Ushirika.”

“Na mikai?”

“Wewe umesoma, Mama Ken. Ukiandikwa namba moja katika kitabu cha mwenye boma, wewe ni nani?”

Mkutano uliitishwa. Wenye ploti wote kumi na mmoja walikuwa wamebatizwa, na tisa kati yao walikuwa Wasabato imara. Hakuna hata mmoja aliyesema anaamini mambo ya chira, na hakuna hata mmoja aliyejitolea kuwa wa kwanza kuthibitisha kwamba hayapo. Walimwomba katibu wa ushirika, Bwana Onsongo, Mkisii aliyetembea na kalamu tatu mfukoni, atoe uamuzi.

“Kitabu hakisemi nani apande kwanza,” Onsongo alisema. “Pia hakikatazi mpangilio wowote. Kinasema tarehe 30 Aprili, saa kumi na mbili.”

“Mimi nitapanda,” Risper alisema.

“Panda,” Mama Bathsheba akamjibu kwa upole. “Hakuna atakayekushika mkono. Lakini siku mtoto wa mtu akianza kukohoa, tutakuja kwako kuuliza.”

Mwaka huo hapakuwa na mtaa ambao watu hawakuwa wakikohoa. Risper alikuwa ametazama makohozi yao kwa hadubini, na alijua chanzo, kifua kikuu na ukimwi, kuliko wote waliokuwa mkutanoni. Alijua pia kwamba ujuzi huo haungemsaidia kitu siku watakapokuja kuuliza. Akazirudisha mbegu nyumbani.

Mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo kwenye udongo mtupu. Tarehe 19 Aprili, Risper alifungua kitabu cha ushirika, akasoma jina la mwenye namba moja, akaulizia aliko, akasafiri hadi Migori.

Mahmud alikuwa na duka la kufuli, misumari na ndoo karibu na soko. Mwaka 1988 alikuwa akiuuzia ushirika nyavu, na asubuhi ile kitabu kilipofunguliwa yeye ndiye aliyekuwa ofisini, ameleta kufuli. Walimuuliza kama anataka ploti, akakubali kama mtu anavyokubali chai. Baadaye alihamia Migori.

“Ploti?” alisema. “Nilidhani ilikuwa heshima tu.”

“Ni ardhi. Tunaomba uje upande mbegu, kabla yetu sisi wote.”

“Kwa nini mimi, dada?”

Risper alieleza kwa mpangilio, bila kuongeza kitu. Sainab, mke wa Mahmud, aliyekuwa akipima misumari, aliiacha mizani ikining’inia.

“Subiri. Kwa hiyo huyu ni mke mkubwa?”

“Kwa mujibu wa kitabu.”

“Miaka kumi na tisa niko naye. Kumbe ameolewa Homa Bay.”

“Sainab,” Mahmud alisema.

“Na wake wenzako ni wangapi, bwana?”

“Kumi na mmoja,” Risper alijibu kwa niaba yake.

“Mungu akupe subira,” Sainab alimwambia mumewe, akarudi kwenye mizani yake.

Mahmud alikubali. Lakini mpaka tarehe 27 alikuwa akingoja mzigo. Ijumaa tarehe 28 asingeweza kwa sababu ya msikiti. Jumamosi tarehe 29 Wasabato wasingeweza kwa sababu ya kanisa. Dini zote mbili ziliiachia kazi hiyo siku moja tu.

Jumapili, tarehe 30 Aprili, saa nne asubuhi, Mahmud aliingia langoni amevaa kofia yake na viatu vya mpira. Wenye ploti walikuwa wamejipanga kwa kufuata namba. Mama Bathsheba alimkabidhi jembe kwa mikono miwili.

“Ploti yangu ni ipi?”

Wakamwonyesha. Alitazama juu, kisha chini, kisha akawatazama wao.

“Nilipata habari kwamba ni ardhi.”

“Ardhi iko chini,” Mama Bathsheba alisema.

“Nani ameweka vitu hivi hapa?”

Hapo wote walianza kuangalia ziwa. Risper alifungua daftari. “Shehena thelathini na nne ni zangu. Mbwa ni wangu pia.”

“Kuna mbwa?”

“Chini kabisa. Nilianza naye.”

Wenzake walipoulizwa mmoja mmoja, walikiri shehena mbili, tatu, mmoja akakiri nusu. Jumla, pamoja na za Risper, ilikuwa hamsini na nane. Kilima, kwa makadirio ya Risper, kilikuwa na zaidi ya mia tatu.

Mbegu haioti juu ya betri. Ilibidi udongo utafutwe. Risper alikuwa amechimba shimo refu nyuma ya ploti yake kwa ajili ya mbolea. Akachukua wilbaro, akaanza kurudisha shehena zake humo, moja moja, akiweka alama. Wengine walichukua sepetu upande mwingine wa kilima. Saa saba Mama Bathsheba alikwenda nyumbani kumtayarishia mgeni samaki. Aliporudi saa tisa na nusu na sufuria kichwani, namba mbili haikuonekana tena.

“Nani ametupa taka kwangu?”

“Tumetupa tu, mama,” alisema Stanley wa namba tatu, akifuta jasho. “Mwenyewe hakuwepo.”

Saa kumi na moja na dakika ishirini udongo ulipatikana, eneo la kutosha kutandika mkeka mmoja. Mahmud alipiga jembe mara tatu, akadondosha kunde tano, akazifunika kwa mguu. Watu walipiga makofi.

“Sasa namba mbili,” alisema Stanley.

Kila mtu aliitazama namba mbili. Mama Bathsheba alikuwa ameanza kuitafuta kwa reki.

“Ngojeni,” alisema bila kuinua kichwa. “Mtangoja. Mpangilio ni mpangilio. Onsongo ni mtu wetu, hatatufukuza kwa sababu ya saa moja.”

Risper alimwendea Mahmud, ambaye alikuwa akila samaki amekaa juu ya kitanda nusu.

“Mikai akishapanda,” alimwambia kwa sauti ya kusikika na wote, “anaweza kumruhusu mwenzake apande ploti yake bila kungoja zamu?”

“Mimi ndiye mikai?”

“Wewe ndiye.”

Mahmud alitazama nyuso zile kumi, kisha jua.

“Nenda kapande, mke mwenzangu,” alisema.

Hakuna aliyempinga, maana neno la mikai halipingwi na mke mdogo, na wote walikuwa wameshampigia makofi; wala hakuna mwingine aliyeomba ruhusa hiyo, maana Onsongo alikuwa mtu wao na angengoja. Risper alipanda mashimo arobaini na nane. Alimaliza saa kumi na mbili kasoro dakika nne.

Saa kumi na mbili kamili Bwana Onsongo aliingia na kitabu.

“Katibu, tuongezee siku moja,” Mama Bathsheba alisema. “Wewe unatujua.”

“Mimi ninawajua. Kitabu hakinijui mimi.”

Alitembea kutoka namba moja hadi namba kumi na mbili, akainama mara mbili, akaandika mara kumi na mbili. Namba moja: imepandwa. Namba saba: imepandwa. Kumi zilizobaki alizichorea mstari kwa kalamu nyekundu, akatoka.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Jumanne, tarehe 2 Mei, ploti kumi zilitangazwa kuwa wazi, na watu kumi walewale walipanga foleni mlangoni kuziomba, wakigombania nafasi ya mwisho, maana wa kwanza ndiye angepewa namba mbili.

Jumamosi, tarehe 6 Mei, saa moja asubuhi, Risper alihesabu mashimo ya namba saba. Arobaini na moja yalikuwa yameota.