Baba Ernestine na Ugonjwa wa Maziwa

Uvumi ulianzia kwenye bomba la maji hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na Solange hakuweza kuutoa kichwani. Jirani yake Stéphanie, yule wa mandazi, alikuwa akisukuma ndoo yake mbele huku akipaza sauti foleni nzima isikie.

"Ule ugonjwa wa maziwa, bamama, unapitaka na maziwa. Mutoto ananyonya, anameza. Mama mugonjwa, binti mugonjwa. Mama muzima, binti muzima!"

Lugha yenyewe ilimsaidia kudanganya. Kwa watu waliotoka Bukavu, Kongo, kama wao, matiti ni maziwa, na yanayonyonywa ni maziwa. Nani angetenganisha?

Solange alikuwa na sababu ya kutega sikio. Binti yake Carelle, fundi wa kushona kule Area 25, mtaa wa Lilongwe, hajafika hata miaka thelathini, alikuwa amekuja nyumbani akamwonyesha uvimbe kwenye titi la kushoto. Mgumu kama punje ya hindi, wala hauumi. Usiku ule Solange alijipapasa mwenyewe, asikute kitu, roho ikatulia.

"Mi niko muzima," alimwambia Carelle asubuhi. "Ulinyonya kwangu, si kwa mwingine. Itaisha tu." Akamkanda kwa maji ya chumvi.

Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Punje ikawa yai.

Ndipo wakapanda minibasi kwenda hospitali ya Lilongwe. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, akakipeleka kupimwa, akawaita tena mama na binti. Mkalimani alikuwa Audace, Mrundi mpole mwenye sauti ya kanisani.

"Kansa ya titi si moja," Audace alitafsiri. "Kuko yenye inalishwa na homoni za mwanamke. Ile inapewa vidonge vya kuinyima chakula. Kuko ingine yenye alama yake na dawa yake. Ya Carelle, alama tatu zenye banatafuta, mbili za homoni na ile ingine, haina hata moja. Vidonge vile haviwezi kuisaidia. Inataka dawa kali ya dripu, kisha kupasuliwa, na tusichelewe."

Solange alishika ukingo wa benchi.

"Daktari anasema aina hii, kwa binti mudogo hivi, mara ingine iko na kitu cha kurithi nyuma yake. Anauliza: kwa bamama ba famille yenu, kuko mwenye aliugua ziwa?"

"Hakuna," Solange akajibu haraka, kama anayefunga mlango. "Mama yangu iko anaishi. Bamama badogo bote bako bazima. Zikomo, dokotala," akashukuru kwa Kichewa.

"Maman," Carelle akasema polepole, "na baba Ernestine?"

"We nyamaza! Ule ni baba. Ameuliza bamama. Na hakukunyonyesha hata siku moja."

Audace akageuka mzima mzima. "Baba alikufa na ugonjwa wa ziwa?"

"Ndiyo. Kule Bukavu. Maskini, aliacha batoto babili, wa mwisho alimuzaa mwaka ule ule."

"Baba huyo… alizaa?"

Carelle akacheka. Tangu uvimbe uonekane, mama yake hakuwa amekisikia kicheko kile. "Ni shangazi, papa Audace! Dada ya papa. Sisi shangazi tunamuita baba. Baba mwanamke."

Audace naye akacheka, lakini alipokwisha kutafsiri, daktari hakucheka. Alivuta kiti chake karibu.

"Anasema huyo njo mutu mwenye alikuwa anamutafuta," Audace akaeleza. "Carelle, wewe ni fundi, utaelewa. Mwili unakatwa kwa kufuata patroni, ile karatasi ya vipimo. Kila mutu anapewa mbili, moja ya mama, moja ya papa. Papa yako na dada yake bazazi babo ni bamoja; patroni ya papa ikiwa na kosa, papa mwenyewe anaweza kuzeeka bila kuugua, na akakupitishia. Kuko kosa lenye mara nyingi linaleta aina hii yako. Kuko mengine yenye yanaelekea zaidi kwa ile ya homoni. Na bagonjwa bengi hawakurithi kosa lolote."

"Na maziwa?" Solange aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maziwa hayana neno, mama."

Damu ya Carelle ikapelekwa kupimwa nchi ya mbali. Jibu lilirudi nywele zake zimekwisha kuanguka kwa ile dripu: kosa lipo, na ni lile la aina yake. Damu ya Rodrigue, baba yake mzazi, ilipopimwa, likaonekana na humo. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Basi mi njo nimekuletea kifo."

"Papa," Carelle akamwambia, "ulinipa pia urefu huu na vidole vya kushona. Ulichagua?"

Leo uvimbe umesinyaa na Carelle anangojea kupasuliwa. Mdogo wake Merveille ametoa damu, jibu bado. Kila mtoto wa Rodrigue, wa kike kwa wa kiume, anaweza kuwa amepewa patroni ile au ameikosa, sawa kwa sawa. Solange halali vizuri. Lakini asubuhi alisimamisha ndoo yake mbele ya Stéphanie.

"Mi niliambiwa tu, mama Carelle," Stéphanie akasema, macho chini.

"Na mi nilikuamini. Sasa tangaza na hii, kwa sauti ile ile."

Usingojee uvimbe uume.
Usiukande kwa chumvi wala kwa majani huku miezi inapita.
Usimwachishe mtoto ziwa kwa maneno ya bombani. Ugonjwa huu haumezwi.
Usihesabu bamama peke yao. Taja shangazi, taja bibi mzaa baba, taja hata mwanaume aliyeugua titi.
Usiseme "kwetu hakuna" ukadhani umepona.
Usimeze vidonge vya mwenzako kwa kuwa jina la ugonjwa ni moja.
Usimlaumu aliyekurithisha. Naye alirithi.