Mwanamke wa Mikumi

Godfrey ndiye wa kwanza kusema nina mwanamke Mikumi, na mimi, badala ya kukana, nilicheka.

Tulikuwa kwenye ghala la ufuta hapa Chanzuru, wanaume kama kumi tumekalia magunia tukisubiri mzani. Godfrey ni utingo wa basi la Kilosa na Mikumi. Alikuwa ameniona nikitoka kwenye uchochoro ulio nyuma ya gesti za madereva wa malori, kofia nimeishusha hadi machoni.

"Bonifas bwana, naona umefungua tawi Mikumi!" alipaza sauti. "Alhamisi mbili mfululizo! Huyo mtoto anakulisha nini?"

Kicheko kikalipuka. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikasema, "Shamba moja litamtosha nani?" Wakapiga makofi, wakaniita simba. Nami, Mungu anisamehe, niliona raha.

Mwisho wa uchochoro ule kuna zahanati. Kwenye zahanati kuna daktari anayeitwa Agatha. Nilikwenda kwake kwa sababu mimi, Bonifas, mwenye miaka thelathini na sita, ninayebeba gunia peke yangu na kumrukia yeyote anayenitazama vibaya, kwa miezi minane nilikuwa nimeshindwa kuwa mume kitandani.

Hospitali ya Kilosa ni karibu zaidi, lakini pale kila benchi lina mtu anayemjua mama yangu. Tena nilikuwa nimeanza na njia ya mkato: unga wa mizizi niliouziwa stendi, kijiko kimoja kwenye chai. Moyo ulinienda mbio hadi nikashika ukuta, uso ukawaka, na kule nilikotarajia hakukuamka kitu. Mke wangu, Hildegarda, akaniuliza kama naumwa. Nikamfokea. Ikawa ndiyo desturi yangu: kabla hajaninyooshea mkono, nishatafuta ugomvi, nishamgeuzia mgongo.

Kwa Daktari Agatha nilianza kwa kusema kiuno kinauma. Ni binti mdogo, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliweka kalamu chini.

"Kaka, umetoka Chanzuru, umeipita hospitali nzima ya Kilosa, kwa ajili ya kiuno?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Nikaiambia sakafu ukweli wote, pamoja na ule unga wa stendi.

Hakucheka. Alinipima presha, akanichoma kidole, akauliza kama nasikia kiu sana, nakojoa mara ngapi, asubuhi naamka mwili ukiwaje. Sukari ilikuwa juu mno. Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi hugundua wana kisukari baada ya kuishiwa nguvu kama mimi.

"Wengine ni presha, wengine ni mawazo, wengine sigara na pombe," alisema. "Wewe je, ulidhani umerogwa?"

"Nilidhani hivyo."

"Basi unga ule katupe. Mara nyingi wanauchanganya na vidonge kimyakimya, hujui umemeza kiasi gani. Ungeweza kuanguka."

Tungeanza na sukari: dawa kila siku, ugali upungue, soda niage, nitembee. Vidonge vya kusaidia tendo angenipa akishajiridhisha kuhusu moyo wangu, maana vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kuua. Visipofaa, kuna pampu, kuna sindano, kuna wataalamu Morogoro.

"Na Alhamisi ijayo uje na wifi," aliongeza. "Yeye naye anajiuliza maswali huko nyumbani. Huenda anadhani hakuvutii tena."

"Nitamleta," nikasema, nikijua sitamleta.

Maneno ya ghalani yakafika mashine ya kusaga, na kutoka pale yakafika kwa Hildegarda. Hakuniuliza. Aliacha tu kunichemshia maji ya kuoga. Nilimsikia uani akilia huku anapeta mchele, nikapita kama sijasikia. Nilijua neno moja lingemnyamazisha. Lakini neno lile lingenivua nguo, na lile la Godfrey lilinivisha. Nikachagua nguo.

Jumapili, niliporudi kutoka misani, nilimkuta kaka mkubwa wa Hildegarda, Anselmi, amefika kutoka Kidete. Shangazi yangu Paulina alikuwa ameitwa pia. Begi la Hildegarda lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kaa." Anselmi si mtu wa kuzunguka. "Sikuja kupigana. Dada yangu anasema una mtu Mikumi. Ana jina?"

Nilihisi damu ikipanda. Nani wa kunihoji nyumbani kwangu? Nikainua kidevu.

"Anaitwa Agatha."

Hildegarda akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Haya, kaka. Twende."

"Agatha wa wapi tena?" Shangazi akaja juu. "We mtoto huna haya! Unatutajia malaya wako mbele ya shemeji yako, na kidevu umekiinua kama umepewa cheo!"

Hildegarda alikuwa ameshashika begi. Hakunitazama. Angefika Kidete jioni ile, angeishi maisha yake yote akiamini kuna mwanamke aliyemshinda. Mbele ya shemeji, watu wa kwetu hatutaji hata nguo ya ndani. Nilitaka kusema twende pembeni, lakini asingekwenda pembeni na mimi.

"Agatha ni daktari," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, siyo yangu. "Nina kisukari. Sina mwanamke mwingine, hata ningetaka... siwezi. Tangu Machi siwezi."

Anselmi akainamisha kichwa. Shangazi akafunika mdomo kwa pembe ya khanga, akatoka kwenda uani. Masikio yangu yaliwaka hadi nikatamani kupigwa.

Hildegarda aligeuka polepole.

"Tangu Machi?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuwa nalia hapo uani, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukaona afadhali niondoke nikiamini umenisaliti, kuliko nikae nikijua unaumwa."

Aibu ya mwili niliizoea kidogo mbele ya Daktari Agatha. Hii ilikuwa mpya, na haikuwa na kidonge.

Akaweka begi chini. Hakulifungua.

"Kaka, wewe tangulia. Nitakupigia." Kisha kwangu, macho yakiwa pembeni: "Huyo daktari yupo Alhamisi?"

"Yupo."

"Nitakwenda na wewe, nimsikie mwenyewe. Lakini mpaka Alhamisi usinisemeshe, Bonifas. Hata salamu ya mlangoni usinipe."